Mbuzi wa Nadhiri

Kamba haikukatwa. Hilo ndilo lililomkera Panyang kuliko hata kupotea kwa mbuzi mwenyewe. Ilifunguliwa kwa utulivu, ikakunjwa duara, ikatundikwa kwenye msumari wake nyuma ya jiko, utadhani mwizi alikuwa na siku nzima ya kufanya usafi. Mwizi wa kutoka mbali humswaga mbuzi na kamba yake, akatokomea. Huyu alijua msumari uko wapi. Huyu ni mtu wa kuingia na kutoka, Panyang alijiambia, tena huenda nimeshampa kahawa yangu akanywa.

Ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, siku moja kabla ya sikukuu ya San Roque. Siku hiyo, katika kijiji chote cha Sampalukan, hupati mbuzi hata ukilia machozi ya damu. Kila mwenye mbuzi ameshamnolea kisu.

Na huyu hakuwa mbuzi wa kitoweo tu. Miaka kumi na tatu nyuma, Delfin, mtoto wa pekee wa Panyang, alishikwa na homa ya mbu, ile mbaya inayotoa damu puani. Alikuwa na miaka minane. Mvua ilikuwa inamwagika tangu asubuhi. Panyang, mjane wa mwaka mmoja, alimbeba mgongoni hadi kwa Logio, kwa kuwa Logio ndiye pekee aliyekuwa na gari upande ule wa mto, akamwomba awakimbize hospitali. Logio alisimama mlangoni, hakuwakaribisha hata ndani, akasema gari halina mafuta. Panyang alimtazama usoni na hakumwamini. Lakini hakuwa na muda wa kubishana. Alivuka mto kwa miguu, maji yakimfika kiunoni, na alipopita kanisani aliingia na tope lake, akasimama mbele ya sanamu ya San Roque, yule mtakatifu wa magonjwa mwenye mbwa miguuni, akaweka nadhiri. Mtoto akipona, kila mwaka siku ya sikukuu atatoa mbuzi mzima na kumpakua kwa mkono wake mwenyewe kwa yeyote atakayeingia, hadi siku atakayokufa.

Mtoto alipona. Mbuzi kumi na wawili walikuwa wameshaliwa. Na Panyang aliamini, kama anavyoamini kwamba siki haikorogwi kabla haijachemka, kuwa nadhiri ikivunjwa hurudi ilikoanzia. Ilianzia mwilini mwa Delfin. Kwa hiyo asubuhi ile, akiwa ameshika kamba tupu, hakuwa anaogopa kukosa mchuzi. Alikuwa anamwogopea mwanawe.

Delfin mwenyewe, ambaye sasa ni mwanaume wa miaka ishirini na mmoja mwenye mabega ya kubeba magunia, alisema asihangaike, atamtafuta. Akatoka, akarudi jioni na tope hadi magotini. Alisema hajaona hata kinyesi. Kisha akala wali sahani mbili, akalala.

Panyang hakulala vizuri. Alikuwa amekumbuka sufuria.

Lile sufuria kubwa la chuma, linalotosha mbuzi mzima, lilikuwa mali ya jirani yake Tikang, ila mwaka mzima lilikaa kwa Panyang kwa sababu ndiye mwenye kulitumia. Wale wawili walikuwa makumare, maana Panyang ndiye mama wa ubatizo wa binti wa kwanza wa Tikang, na kwa miaka ishirini bakuli lilikuwa likivuka ua wao kwenda na kurudi. Likienda na mchuzi, linarudi na keki ya wali. Likienda na ndizi, linarudi na samaki. Halikuwahi kurudi tupu hata siku moja, hata mwaka wa kimbunga, liliporudi na chumvi kidogo na vicheko. Sasa, siku mbili kabla ya mbuzi kupotea, Tikang alikuja kuomba sufuria lake. Hakukaa. Hakutazama watu machoni. Na kila mtu alijua kwamba mume wake, Igme, ana gauti, na daktari amempiga marufuku nyama ya mbuzi, na Tikang mwenyewe alishatangaza kwamba mwaka huu kwake ni nguruwe tu. Sasa mtu wa nguruwe wa kuokwa anataka sufuria la mbuzi la nini?

Kulipokucha sikukuu, Panyang alifanya jambo ambalo halijawahi kuonekana: aliufunga mlango wake. Bendi ilikuwa inapita na matarumbeta, vibendera vya karatasi vimelowa mvua na kuvuja rangi barabarani, na nyumba zote ziko wazi kama kawaida, mgeni au mwenyeji, anayejulikana na asiyejulikana, aingie ale. Panyang alichukua mwavuli wake, akaenda kula.

Tusimcheke. Alikuwa na hesabu yake. Yule mbuzi, akiwa mdogo, alikanyagwa na nyati wa kulimia akavunjika mguu wa mbele wa kushoto. Delfin alimfunga vipande vya mwanzi, mfupa ukaunga, lakini ukaacha nundu ngumu kama ncha ya kidole gumba. Mbuzi hupikwa na mifupa yake. Nyama unaweza kuificha kwa nyanya na maini ya kusagwa na pilipili hoho, lakini nundu ya mfupa huifichi. Na sheria ya sikukuu ni moja kwa wote: mwenye nyumba hawezi kumzuia mgeni asile. Panyang angekula kijiji kizima, mguu kwa mguu, hadi ampate mwizi wake mezani.

Kwa mwenyekiti wa kijiji aliomba mguu wa mbele. Wa kushoto, tafadhali. Mke wa mwenyekiti alicheka, akampa. Panyang aliung'wafua wote, akaupapasa mfupa kwa kidole gumba kama mtu anayesali rozari. Laini. Akashukuru, akafungiwa mchuzi kwenye mfuko wa plastiki wa kwenda nao nyumbani, akaenda kwa mwalimu. Kwa mwalimu mguu wa mbele ulikuwa umeshaliwa, hivyo ikabidi ainame chini ya meza, eti kadondosha leso, kumbe anakagua mifupa aliyotupiwa mbwa. Mbwa akamkoromea. Nyumba ya nne tumbo lilikuwa limemjaa hadi kooni, mifuko ya plastiki inaning'inia kwenye mkono wake kama matunda, na habari zilikuwa zimemtangulia. Kijana mmoja wa bendi alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Bi. Panyang mwaka huu anadai alichowalisha kwa miaka kumi na miwili. Mwingine akasema mbwa wa San Roque afungwe, maana leo hakuna mfupa utakaosalia.

Panyang aliwasikia. Uso ulimwaka moto, lakini aliendelea. Kila aliyemchekea alimtilia shaka, na kila asiyemchekea alimtilia shaka zaidi.

Kwa Tikang alienda mwisho, kusudi. Alitaka kufika akiwa na uhakika. Sebule ilijaa wageni wa Igme kutoka mjini, watu wenye viatu safi, wanakula nguruwe wa kuokwa na kusifia ngozi yake. Panyang hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akatazama juu ya meko, akatazama chini ya meza ya kazi, akatazama hata nyuma ya pipa la maji. Sufuria kubwa halikuwepo.

Tikang alimkuta pale, ameinama.

"Kumare, unatafuta nini?"

"Sufuria liko wapi?"

Tikang alifuta mikono kwenye aproni. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimeliazima mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Njoo ukae, nikupakulie. Umekonda kwa mawazo."

"Leo nimekula nyumba sita, usiniambie nimekonda." Panyang alisikia sauti yake ikipanda, akashindwa kuishusha. "Mwizi wangu alikunja kamba akaitundika msumarini. Msumari ule wanaujua watu watatu tu. Mimi, mwanangu, na wewe. Siku mbili kabla ulikuja kuchukua sufuria. Sasa sufuria halipo na mbuzi hayupo. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini, Tikang?"

Alimwita Tikang. Hakumwita kumare. Sebuleni vijiko vilinyamaza, na Igme, mguu wake wenye gauti juu ya kigoda, akageuza shingo polepole. Kumwita mtu mwizi ndani ya nyumba yake, siku ya sikukuu, mbele ya wageni wanaokula chakula chake, ni jambo ambalo Sampalukan hawana hata matusi ya kulitosha.

Tikang hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alisimama akimtazama, macho yakijaa maji, mdomo ukifunguka na kufungwa kama mtu aliyebeba neno lisilo lake.

"Miaka ishirini umekula kwangu bila kunusa sahani," alisema mwishowe. "Sawa. Niliahidi kunyamaza na nitanyamaza. Lakini iko nyumba moja hujala leo. Tena hujala miaka kumi na tatu. Nenda kale huko, halafu uje uniite tena jina uliloniita."

Panyang alitoka kwa mlango wa nyuma. Alijua ni nyumba ipi. Na njiani hasira yake ilipata pa kukaa, ikakaa vizuri kabisa. Logio! Mbona hakuwaza? Mtu aliyemnyima gari mtoto anayetoka damu atashindwa kuiba mbuzi? Mwaka jana Logio alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, gari likauzwa, na tangu hapo nyumba yake haikuwa na cha kumpa mgeni, hivyo mwaka uliopita sikukuu ilimpita na mlango umefungwa. Njaa hiyo. Njaa na roho mbaya ya tangu zamani. Na yule binti yake, Jovelyn, ambaye Delfin alikuwa akimtaja mara nyingi mno kwa mtu asiye na lake jambo. Mara mbili mwezi uliopita Delfin alisema, "Mama, mwaka huu tukapikie kwa Mzee Logio, mtu mwenyewe mgonjwa," na mara zote mbili Panyang alijibu kwamba heri amlishe mbwa wa San Roque, yule wa mbao. Sasa aliona kila kitu. Binti kamlaghai mwanawe, akaonyeshwa msumari ulipo.

Alitembea haraka, mifuko ya plastiki ikimgonga mapajani.

Mlango wa Logio ulikuwa wazi. Hilo la kwanza. La pili, ulikuwa umejaa watu: wabeba sanamu waliotoka kwenye maandamano, wazee wawili wa ng'ambo ya mto, watoto wa nani sijui, wote na sahani mikononi, wengine wamechuchumaa barazani kwa kukosa viti. Harufu ilimfikia kabla hajakanyaga ngazi. Panyang alisimama. Kaldereta, mchuzi mzito wa mbuzi, kila nyumba inayo, lakini hii ilikuwa na karanga zilizokaangwa hadi karibu ziungue, na siki iliyoachwa ichemke bila kuguswa. Ilikuwa harufu ya jiko lake mwenyewe.

Jovelyn, msichana mwembamba mwenye masizi shavuni, alimwona, akasogea akainama, akanyoosha mikono kuomba mkono wa mkubwa auweke kwenye paji la uso wake. Panyang hakumpa. Alijisingizia mifuko. Msichana akabaki ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, kisha akamvutia kiti na kumletea sahani, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Hata hakulazimika kuomba mguu wa mbele. Ulikuwa juu ya wali, umewekwa wazi, kana kwamba aliyeuweka alijua atakuja. Panyang alipitisha kidole gumba juu ya mfupa, na kikagonga nundu.

Saa zote zile alikuwa akiisubiri nundu ile. Alikuwa ameshapanga maneno. Sasa aliinua kichwa ayaseme, akamwona mtu akitokea jikoni na sufuria kubwa la chuma, amelikumbatia kwa matambara mawili, jasho likimtiririka, aproni ya maua ya Tikang kiunoni. Alikuwa Delfin.

Panyang aliurudisha mfupa sahanini.

Delfin aliweka sufuria chini. Hakukimbia, hakujitetea. Alikuja akapiga goti mbele ya kiti chake.

"Nilikuomba mara mbili, Mama."

"Ukaamua kuniibia."

"Kuku wako ningemwiba, ingekuwa wizi. Huyu mbuzi ni wa homa yangu. Nilidhani na mimi nina neno." Alipunguza sauti. "Mama Tikang usimlaumu. Nilimwapisha. Na alisema tangu mwanzo kwamba nitamponza."

Panyang alifunga macho. Akauona uso wa Tikang, mdomo ukifunguka na kufungwa.

Pembeni, kwenye kiti cha kusukwa chenye mito, Logio alitoa sauti. Panyang hakuwa amemtazama hadi wakati ule. Alikuwa amebaki nusu: shavu la kulia limening'inia, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mbele yake hapakuwa na sahani. Alikuwa akihangaika kusema, na Jovelyn akamwinamia, lakini baba akamsukuma kwa mkono mzima. Alitaka kusema mwenyewe.

"Mafuta," alisema. Neno lilitoka limelegea, akalirudia. "Mafuta yalikuwepo. Siku ile."

Barazani watoto waliendelea kucheka.

"Tangi nusu. Niliuogopa mto. Niliogopa ugonjwa wa mtoto, nilidhani unaambukiza, na huyu wangu alikuwa na miaka sita, ndani." Alipumua. "Nikasema hakuna. Nikakuangalia unaondoka."

Miaka kumi na tatu Panyang alikuwa amelishika jambo lile peke yake, watu wakimwambia aliache, wakimwambia pengine kweli hapakuwa na mafuta, Panyang mama mkali, Panyang wa kushuku kila mtu. Alikuwa sahihi. Alingoja furaha ya kuwa sahihi, na haikuja. Palikuwa na mzee aliyepooza akitokwa mate mdomoni, na mwanawe hai, mzito wa afya, amepiga goti sakafuni na aproni ya maua. Alichohisi kilikuwa uchovu mtupu, wa mtu aliyetua mzigo akakuta mabega hayajui tena kunyooka.

"Na aliyepakua ni nani?" alimuuliza Delfin.

"Kupakua nini?"

"Mbuzi huyu. Nani anapakua?"

"Jovelyn. Na mimi." Alielewa, akainuka haraka. "Bado nusu, Mama. Na watu bado wanakuja."

Panyang alisimama. Mifuko yote ya nyumba sita aliiweka mikononi mwa Jovelyn, na mkono ulipobaki mtupu, akaunyoosha. Msichana aliutazama, akauchukua, akauweka kwenye paji la uso wake lenye jasho. Kisha Panyang akamnyang'anya upawa.

Sahani ya kwanza alimpakulia Logio. Alichagua nyama laini, akaitoa mifupa, akaipondaponda na kiazi na mchuzi, akavuta kigoda akaketi upande wake ulio hai.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Fungua mdomo."

Logio akafungua. Alitafuna polepole, machozi yakishuka upande mmoja tu, ule uliokuwa bado unajua kulia. Panyang alimlisha hadi sahani ikaisha, akamfuta kidevu, akarudi kwenye sufuria na kupakua hadi jioni, kwa wabeba sanamu, kwa wazee wa ng'ambo ya mto, kwa yule kijana wa bendi aliyemcheka, ambaye alipewa vipande viwili vya ziada na jicho kali. Mkono ulimuuma hadi begani. Nadhiri haikuvunjika.

Sahani ya mwisho haikuwa sahani. Aliagiza bakuli lake la bluu, lile la miaka ishirini, kutoka nyumbani, akalijaza hadi ukingoni, maini mengi kwa kuwa Tikang anayapenda, na kabla giza halijaingia akalipeleka mwenyewe. Hakupita uani. Alizunguka hadi mlango wa mbele, kama mgeni, mbele ya wageni wale wale wenye viatu safi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba amemsingizia mwenye nyumba hii uongo, na kwamba anaomba radhi. Tikang alisikiliza hadi mwisho. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema asante, akarudi ndani.

Asubuhi Panyang alilikuta bakuli juu ya ua. Limeoshwa, limefutwa, limegeuzwa kifudifudi mvua isiingie. Alilifunua. Ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na chembe ya chumvi.

Alitazama dirisha la Tikang, ambalo pazia lake lilikuwa limefungwa. Kisha akaingia jikoni, akawasha moto, na kuanza kukatakata ndizi za kulijaza tena.